Kabla ya kushika usukani wa lori: Dereva mpya wa Bonde la Kilombero atarajie nini?

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KILA msimu wa mavuno ya mpunga unapowadia, malori hupanga foleni mbele ya mashine za kukoboa za mji wa Ifakara, na pembeni yake hawakosekani vijana wanaotazama. Wengi wao hawayatazami magunia. Wanamtazama mtu aliyeketi nyuma ya usukani.

Kwa kijana aliyelelewa na jembe katika Bonde la Kilombero, dereva wa lori ni mtu aliyefanikiwa. Anaijua Dar es Salaam, anashika fedha taslimu, na kila kituo anachosimama kuna anayemfahamu. Ndiyo maana zipo familia zinazouza sehemu ya shamba au mavuno ya msimu mzima ili kijana wao akasomee udereva.

Uamuzi huo si mbaya. Udereva wa lori ni kazi halali, inahitajika, na imesomesha watoto wengi wa Tanzania. Tatizo ni matarajio. Anayeingia akidhani kwamba leseni ni ajira, na kwamba posho ya safari ni mshahara, huweza kujikuta mwaka wa pili hana shamba wala usukani.

Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, mambo ambayo kijana na wazazi wake wanapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha.

Bonde na mizigo yake

Bonde la Kilombero, linalogusa wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi mkoani Morogoro, huishi kwa misimu, na dereva wake huishi hivyo hivyo.

Mzigo wa kwanza ni mpunga na mchele. Mavuno huanza mvua za masika zinapoelekea kwisha, na kuanzia hapo malori aina ya Fuso hufuata magunia Mlimba, Mngeta, Mbingu, Lupiro na Malinyi, kisha huyaleta mashineni Ifakara. Mchele uliokobolewa hupanda magari makubwa zaidi kwenda Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko.

Mzigo wa pili ni miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero, yenye viwanda vyake eneo la Kidatu, hupokea miwa ya mashamba yake pamoja na ya wakulima wa nje. Usagaji kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na husimama mvua kubwa zinapozuia magari kuingia mashambani. Kazi hii ni ya safari fupi zinazorudiwa mara nyingi kwa siku, na malipo yake mara nyingi hufuata tani au tripu.

Mzigo wa tatu ni wa misitu na mazao mengine: mitiki ya upande wa Ulanga na Kilombero, mbao, ndizi, kakao na mahindi. Kwa upande wa kuingia, bonde hupokea saruji, mbolea, mabati, vinywaji na mafuta.

Jambo la kuzingatia hapa ni moja. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano, mzigo hupungua na barabara za vijijini huwa mbaya. Dereva mpya ndiye wa kwanza kuambiwa akapumzike nyumbani. Asipoweka akiba wakati wa mavuno, masika humkuta akikopa.

Leseni ni mwanzo tu

Udereva nchini unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) baada ya mwombaji kupita mafunzo na kujaribiwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi.

Leseni zina madaraja. Daraja A ni la pikipiki, C na matawi yake ni la magari ya abiria, E ni la magari makubwa ya mizigo, G ni la mitambo ya mashambani na migodini, na H ni ya kujifunzia. Kijana anayetoka chuoni hapewi daraja la lori kubwa mara moja. Sheria humtaka apande ngazi, akae katika daraja la chini kwa muda uliowekwa, ndipo aombe la juu.

Kwa hiyo, mtu anayemwahidi kijana leseni ya semi trela baada ya wiki chache za mafunzo, tena bila kujaribiwa, hamuuzii njia ya mkato. Anamuuzia kesi. Siku ya ajali, kampuni ya bima na polisi huanza kuuliza kuhusu leseni: ilipatikana lini, wapi na kwa mafunzo gani.

Mafunzo yanayotambuliwa yapo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina chuo Kihonda, mjini Morogoro, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, hufundisha madereva wa magari ya abiria na ya mizigo. Aidha, Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ya mwaka 2019 imeipa mamlaka hiyo kazi ya kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Kabla ya kulipa ada, mzazi aende ofisi ya VETA au ya polisi wa usalama barabarani aulize kama chuo anachokusudia kimesajiliwa.

Utingo, deiwaka, kisha dereva

Baada ya leseni huja swali gumu zaidi: nani atamkabidhi gari? Lori ni mali ya mamilioni ya shilingi, mara nyingi likiwa limenunuliwa kwa mkopo. Tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari, hampi usukani mtu asiyemjua.

Ndiyo maana njia ya kawaida hupitia kwa utingo. Huyu ndiye anayefunga turubai, anayehesabu magunia, anayepiga jeki, anayelala juu ya mzigo na anayesimama nyuma ya gari wakati linarudi kinyumenyume. Malipo yake ni madogo na hutegemea utu wa dereva, lakini hapo ndipo anapojifunza yasiyofundishwa darasani: kusikia breki inayoishiwa upepo, kujua tairi iliyopungua kwa kuigonga, kufunga mzigo usihamie upande mmoja.

Hatua ya pili ni deiwaka, yaani kushika gari la mwenzako kwa siku moja au mbili anapoumwa au anapochoka. Deiwaka hujenga jina, lakini ina hatari yake. Mara nyingi tajiri hajui kwamba gari lake lina mtu mwingine. Likitokea la kutokea, deiwaka hana mkataba, hana bima ya kazi na hana wa kumtetea. Kijana ahakikishe kuwa mwenye gari ametoa ruhusa yeye mwenyewe, ikiwezekana kwa ujumbe ulioandikwa.

Ni busara basi kutarajia miaka kadhaa, na si miezi, kati ya siku ya kwanza ya utingo na siku ya kukabidhiwa gari kubwa la safari ndefu.

Posho si mshahara

Hapa ndipo vijana wengi hukosea hesabu. Dereva hupata fedha za aina mbili: mshahara wa mwezi na posho ya safari. Wapo matajiri wanaolipa vyote viwili kwa utaratibu. Wapo wanaolipa posho tu na kuiita mshahara. Wapo pia wanaomtaka dereva alete hesabu ya wiki, kinachobaki kiwe chake, jambo linalomsukuma kukimbiza gari na kujaza mzigo kupita kiasi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Dereva wa Ifakara amepewa Sh200,000 za kwenda Dar es Salaam na kurudi, safari inayokadiriwa kuchukua siku tatu. Chakula chake na cha utingo ni Sh25,000 kwa siku, sawa na Sh75,000. Anapanga chumba usiku mmoja kwa Sh15,000 na anaziba pancha kwa Sh10,000. Matumizi ni Sh100,000, na anarudi nyumbani na Sh100,000.

Safari inayofuata, foleni ya kushusha inachukua siku mbili zaidi. Chakula kinakuwa Sh125,000, chumba cha usiku mbili Sh30,000, pancha Sh10,000, na njiani amepigwa tochi na kuandikiwa faini ya Sh30,000. Jumla ni Sh195,000. Anarudi na Sh5,000.

Tofauti ya Sh95,000 haikuletwa na ulevi wala uvivu. Imeletwa na foleni na kosa moja la mwendo. Dereva asiye na mshahara wa uhakika nyuma ya posho hana kitu cha kumshika siku kama hiyo.

Lami imefika, tope halijaondoka

Wakongwe wa bonde hili wanakumbuka kivuko. Kabla ya daraja kujengwa, lori lililotoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi lilisubiri zamu ya kuvuka Mto Kilombero, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais John Magufuli. Barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, nayo ilizinduliwa Agosti 2024 pamoja na daraja jipya la Mto Ruaha Mkuu.

Mabadiliko hayo yamefupisha safari, ila yamebadilisha pia aina ya hatari. Zamani adui alikuwa tope na mashimo. Leo, kati ya Kidatu na Mang'ula, adui ni mwendo. Barabara inapita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, katikati ya vijiji, shule, baiskeli na matrekta ya miwa. Sheria inaweka mwisho wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi tani 3.5, na kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi.

Ukiacha lami, hali ni nyingine. Barabara za kuelekea Mlimba na Malinyi zimekuwa kwa miaka mingi za udongo katika sehemu kubwa, na udongo wa bonde hili ukilowa haubishani na mtu. Kukwama siku mbili na gari lenye mchele si mkosi, ni sehemu ya kazi. Dereva mwenye akili hubeba koleo, kamba, maji, chakula cha akiba na turubai lisilovuja.

Akifika Mikumi anaingia barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kuelekea Morogoro atapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako kumgonga mnyama kuna faini. Kuelekea Iringa kunamsubiri mlima Kitonga, ambao hushukwa kwa gia nzito na si kwa breki. Anayekanyaga breki mfululizo kwenye mteremko huo huzipasha moto hadi zinaacha kushika.

Mizani na karatasi

Hakuna somo linalomgharimu dereva mpya kama la mizani. Tangu Machi 2019, Tanzania hutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaweka uzito wa juu wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na viwango vya kila ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwa ekseli tatu.

Maana yake kwa dereva wa Fuso ya ekseli mbili ni kwamba gari, mzigo, mafuta na watu kwa pamoja visizidi tani 18. Lakini hata jumla ikiwa sawa, magunia yaliyorundikwa nyuma yanaweza kuifanya ekseli ya nyuma izidi. Akifika mizani ya Mikumi, inayosimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS), gari huzuiwa, mzigo hupangwa upya au hupunguzwa, tozo hulipwa, na siku inakwisha. Njia rahisi ni kusimama pale mzigo unapopakiwa na kusema hapana mapema.

Dereva ndiye pia mbeba karatasi. Leseni yake, kadi ya gari, bima, leseni ya LATRA, stakabadhi ya ushuru wa mazao ya halmashauri na, kwa mbao na mitiki, hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), vyote vinatakiwa viwepo na vioane na kilicho juu ya gari. Idadi ya magunia kwenye karatasi ikitofautiana na iliyo nyuma, anayeshuka kujieleza si mwenye mzigo.

Usingizi, mbu na nyumba

Mwili una hesabu zake. Usingizi wa alfajiri, hasa kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, haushindwi kwa mirungi wala kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Huahirishwa tu, kisha humchukua mtu ghafla. Dawa yake ni kulala.

Kulala nako kuna masharti. Bonde la Kilombero limetafitiwa ugonjwa wa malaria tangu miaka ya 1950, na kazi hiyo inaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Dereva anayelala ndani ya gari huku vioo vikiwa wazi kando ya mashamba ya mpunga ajue anawalisha mbu. Chandarua kidogo cha kufunga ndani ya gari ni bei ndogo kuliko wiki moja bila kazi.

Lipo pia suala la nyumbani. Dereva wa safari ndefu hukosa misiba, harusi na siku za watoto kuumwa. Wenzi wa ndoa wazungumze mapema kuhusu fedha na mawasiliano. Vishawishi vya vituo vya malori vinajulikana, na huduma za kupima afya na kinga zinapatikana katika hospitali na vituo vya serikali bila kusubiri dalili.

Siku ya ajali

Hakuna dereva anayependa kuzungumzia sura hii, lakini ndiyo inayotenganisha aliyejiandaa na asiyejiandaa. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Fundisho la Msamvu kwa kila dereva ni kwamba wajibu wake hauishi gari linapolala. Akiwa na uwezo wa kusimama, kazi yake ya kwanza ni kuwaondoa watu, kuzuia moto na sigara, kuweka vibao vya tahadhari na kuita polisi na zimamoto. Magunia na madumu yanaweza kusubiri.

Dereva anayesababisha kifo kwa uzembe anaweza kufungwa, na leseni yake kufutwa. Kifungo hicho ni chake binafsi. Tajiri aliyempigia simu akimhimiza akimbize gari hatakuwapo kizimbani.

Haki zilizopo kisheria

Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mwezi uliofuata wakagoma tena. Pamoja na kupinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, walidai mikataba ya ajira. Dai hilo lilikuwa tayari ni haki kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, muda wa ziada ukilipwa mara moja na nusu, pamoja na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 kila wiki. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake.

Kipengele ambacho madereva wachache hukifahamu ni kile cha makato. Gunia likipotea, tajiri haruhusiwi kukata mshahara wote. Anatakiwa aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe dereva nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara.

Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Hata hivyo, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa, hivyo nusu mwaka wa kwanza ni wa kwenda kwa uangalifu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali funguo

Kabla ya kupokea funguo, kijana aulize yafuatayo na ayaandike majibu:

Mshahara ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani kwa safari? Foleni ya kushusha ikizidi siku zilizokadiriwa, nani hulipa? Faini ya mizani hulipwa na nani, na je, ya mwendo? Gari lina bima ya aina gani na inaisha lini? Matairi na breki vilikaguliwa lini? Nimeandikishwa NSSF na WCF? Gari likiharibika usiku, nimpigie nani?

Tajiri mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Anayekasirika amejibu.

Kwa mzazi anayefikiria kuuza ekari ya mpunga ili mwanawe akasome udereva, ushauri ni kutafuta ada kwa njia isiyong'oa mzizi wa familia, pale inapowezekana. Miaka ya utingo ni ya kipato kidogo, masika haina mzigo mwingi, na shamba ndilo litakalomlisha kijana huyo hadi siku atakapokabidhiwa gari.

Madereva wana msemo kwamba ajali haina kinga, lakini yapo ambayo kijana anaweza kuyakwepa mapema: leseni ya kununua, kazi bila mkataba, mzigo uliozidi na safari isiyo na usingizi. Akiyakwepa hayo manne, udereva utamtunza. Hautamtajirisha kwa mwaka mmoja.